Ukitingishika, Itaungua

Chini ya dirisha langu kuna fundi wa nguo, na kila anapoanza kukanyaga cherehani yake, krrrr, mimi huacha nilichoshika na kurudi Jericho, mtaa wetu wa Nairobi. Hiyo ndiyo sauti ya kamera ya baba. Niseme ukweli, haikuwa yake. Baba alikuwa dereva, na mkubwa wake wa ofisini alimwazima kamera ya sinema wikendi moja, ikiwa na mkanda mmoja mdogo ndani. Uliijaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, halafu ikaanza kukoroma. Haikunasa sauti hata kidogo, lakini kwetu ilikuwa muujiza mtupu.

Baba alikuwa na lake moyoni. Mama yake, ambaye sisi watoto tulimwita Susu, aliishi Ukambani. Miguu ilikuwa imemgomea na hakuwahi kufika Nairobi. Na Susu, jamani, hakumpenda mama. Alikuwa ameambiwa, sijui na nani, kwamba mke wa mwanawe ni mwanamke wa kochi na rangi ya kucha. Kila Krismasi mama alichota maji na kushika jembe mpaka viganja vikachubuka, na Susu akasema, "Hayo ni maonyesho. Huko mjini haweki mguu chini." Tulirudi Nairobi mama akijipaka mafuta viganjani njia nzima.

Sasa kanisa la kule kijijini lilikuwa limepata jenereta, na pasta alikuwa na mashine ya kuonyesha sinema. Baba akasema, "Acha mama yangu aone kwa macho yake tunavyoishi."

Mama alijiandaa, usiniulize! Sisi watoto tulisuguliwa visigino kwa jiwe na kupakwa mafuta mpaka tukang'aa kama maandazi. Yeye alivaa wigi, gauni la kwendea harusi, na viatu vya kisigino ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akatupanga kando ya redio, mkono wake mmoja juu ya redio, tumbo ndani. Krrrr, ikalia kamera. Hakuna aliyepumua.

"Mama Ndinda, tembeeni basi!" baba akasema. Ndinda ni mimi. "Hii si picha ya studio!"

Mama akajibu bila kufungua midomo: "Wacha maneno, Baba Ndinda. Tukitingishika, itaungua."

Hivyo ndivyo mpiga picha wa mtaani alivyotufunza. Ukipepesa jicho tu, picha imeungua, yaani imeharibika. Baba alibembeleza, akatania, akakasirika, na sisi tukazidi kukauka. Mwishowe akageuzia kamera samaki wetu, kiumbe pekee nyumbani aliyekubali kutembea. Aliishi kwenye chupa kubwa ya peremende, na tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alifungua mdomo siku nzima na hatukuwahi kuelewa alichosema.

Alasiri mbingu ikawa nyeusi. Baba akasimama mlangoni kupiga sinema ya mawingu, akisema heri mawingu, hayana haya. Mama alikuwa ameshavua wigi na gauni na kujifunga leso kuukuu. Mara mvua ya mawe ikaporomoka, tata-tata-tata, na mama akakumbuka nguo.

Alitoka mbio bila viatu. Kamba ya nguo tuliigawana na jirani yetu, Mama Halima, ambaye siku hiyo alikuwa soko la Gikomba kwenye kibanda chake. Mama alianza na za Mama Halima: mabuibui, kanzu ndogo za watoto, akazirusha mlangoni mwetu na kurudi tena. Leso ikateleza, petikoti ikawa nje, kitambaa cha kichwa kikaenda na upepo. Alipofikia shuka zetu zilikuwa zimeshaanguka kwenye matope. Akazitazama, mikono kiunoni, mawe yakimpiga mabegani, halafu akacheka mpaka akainama. Alipoinua uso akaona kamera.

Ee, mama aliwaka moto! "Utanipeleka kwa mama yako na petikoti nje? Kichwa wazi? Si afadhali uniuze! Kata hapo! Hapo, kata!"

Baba akakuna kidevu, akasema kwa upole, "Haikatwi, Mama Ndinda. Ukikata, yote itaungua."

Mama akaokota shuka zake, akaingia ndani akinung'unika.

Krismasi tuliziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, na shuka ikatundikwa ukutani. Mama alikaa nyuma kabisa, ameficha uso kwa leso. Tulipoonekana tumekauka kando ya redio, watu wakauliza kama tulikuwa na msiba. Mheshimiwa akapigiwa makofi. Kisha mvua ikaanza, na mama akatoka mbio.

Susu akainuka nusu kwenye kiti. "Zile nyeusi ni za nani?"

"Za jirani, mama," baba akajibu. "Hakuwapo."

"Na zile chini kwenye matope?"

"Zetu."

Susu alikodoa macho mpaka mkanda ukaisha na shuka ikawa nyeupe tupu. Kisha akageuka, akamtafuta mama gizani. "Nani aliniambia huyu mtoto haweki mguu chini?" Hakuna aliyethubutu kumjibu kwamba ni yeye aliyetuambia sisi. "Njoo ukae hapa karibu nami. Na nyinyi, rudisheni nyuma. Nataka nimwone akikimbia tena."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkanda ukikatwa unaungua kweli, na kwamba baba alibahatisha tu. Kisha nikiwa mtu mzima niliona watu wa kazi ya sinema wakikata mikanda kwa mkasi na kuiunganisha kwa gundi, wala hakuna kilichoungua. Nilisimama pale nikicheka huku machozi yananitoka. Baba alijua tangu mwanzo. Alijua pia mama yake angetazama nini.

Juzi nilimwonyesha mama mkanda ule, siku hizi uko kwenye simu yangu, nikamwambia siri hiyo. Baba hayupo tena. Mama akajitazama akicheka katika mvua, akatikisa kichwa.

"Mwongo yule," akasema. "Mwongo wangu." Kisha akanigusa mkono. "Rudisha nyuma."