Nguruwe wa Ida Aliyepepesuka

Wifi yangu Ida, fundi cherehani wa hapa Lizaboni, anaudhi. Mtume nyanya sokoni uone: anageuza moja moja, ananusa, anatazama kikonyo, jua linakuchoma. Kitambaa chako hakikati mpaka akitandaze mwangani. Namwambia, "Wifi, ungeolewa na darubini wewe!" Anacheka tu.

Siku ya sherehe ya kipaimara kwa jirani, kaka yangu Osmund, mumewe, alinijia mbio. Nguruwe wao alikuwa anapepesuka bandani, anaanguka. Jamani! Mwaka jana homa ya nguruwe ilifagia banda lote. Huyu jike ndiye waliyeanza naye upya, tena ana mimba, kuzaa kumekaribia.

Tulipofika, Romanus mchinjaji alikuwa keshatangulia na kisu.

"Tumchinje kabla hajafa," akasema.

Osmund akainamisha kichwa. "Haya."

"Subirini," Ida akasema, akachuchumaa bandani.

"Unasubiri nini?" nikafoka, machozi yananitoka. "Wale wa mwaka jana si walianza hivihivi?"

"Hapana, wifi. Wale walisusa chakula kwanza, masikio yakawa mekundu. Huyu masikio yake yako vilevile, na anatafuna."

Kweli, amelala ubavu na bado anatafuna! Ida akamshika sikio, halina moto. Akamnusa mdomo. Akaenda kwenye hori, akachota machicha, akanusa tena.

"Osmund, machicha haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye pombe ya komoni ya sherehe. Si tunampa siku zote?"

"Ya siku zote yamekamuliwa. Haya pombe imo humohumo."

Nguruwe akakoroma. Romanus alikuwa bado ameshika kisu, basi Ida akasimama mlangoni pa banda, akampigia simu bwana mifugo, na hakuondoka pale mpaka alipofika. Bwana mifugo akapima joto, akamkagua jike kote, kisha akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Homa hana. Amelewa!"

Ee Mungu wangu, nilishukuru kwa sauti mpaka wa kwenye sherehe wakasikia. Osmund alikaa palepale kwenye tope, analia huku anacheka.

Asubuhi jike alikuwa wima, anasukuma hori tupu kwa pua. Wiki ileile akazaa vitoto, vyote vizima. Romanus alikuwa wa kwanza kuja kuomba auziwe kimoja akafuge. Ida alimtazama kuanzia kichwani, mikono yote miwili, mpaka mifukoni.

"Kisu umekiacha nyumbani?"