Ua la Mlimani Lililokosa Jani

Kila nikifungua gazeti lenye lile ua kavu la mlimani, harufu yake ya karoti hunirudisha mpakani Busia. Kazi ya Mama ilikuwa kukusanya mimea na kuikausha kati ya magazeti ihifadhiwe; siku hiyo nilikuwa mtoto, nimeshika gauni lake. Askari wa forodha alifunua magazeti yetu.

“Mama, hii ni bangi. Tunachoma yote.”

Mama hakumbembeleza. Alinyofoa jani moja la ua hilo, akalitafuna polepole akimkazia macho.

“Tafuna na wewe, afande. Ukilewa, choma.”

Wachuuzi nyuma yetu waliangua kicheko. Tukapita.

Leo mkubwa wangu katika hifadhi ya mimea mikavu ninakofanya kazi anataka ua hilo litupwe, eti limepungukiwa na jani. Nimeandika kwenye lebo yake, kwa wino: “Jani moja lilitafunwa na mama yangu. Ua hili halitupwi.”