Kifaransa cha Mapasa

Katika mtaa mzima wa Kamalondo, wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville, hakuna mwanamke aliyetukana kwa haki kama Numbi, mke wa Clément wa karakana ya reli. Kwa haki, ndiyo, msicheke. Alikuwa amezaa mapasa, Kyungu mvulana na Kabange msichana, na kwetu Waluba mama wa mapasa anaweza kumtukana yeyote, hata mkwe wake, na aliyetukanwa anacheka na kutoa zawadi. Aliyetukanwa akikasirika, anawaletea mapasa ubaya. Ndiyo maana Clément, mwanaume wa kupiga nyundo magurudumu ya treni, nyumbani kwake alitembea kama mgeni.

Desturi hiyo ina upande wa pili: ukimpa pacha mmoja kitu, mwenzake umpe kilekile. Numbi hakucheza nayo. Kyungu alipougua surua, Kabange alilazwa kando yake, mzima kabisa, akanyweshwa dawa ileile huku akikunja uso.

Kisha wakaingia masomo, yaani shule, Kyungu kwa mapadri, Kabange kwa masista, tunaowaita masera, ukuta katikati. Miaka miwili ya kwanza hapakuwa na neno: kusoma, hesabu, katekisimu, kotekote sawa. Mwaka wa tatu ulipoanza, Numbi aliwaketisha mkekani kama kila jioni, akasema, “Toeni.” Maana yake watoe walichopewa siku hiyo, yeye apime.

Kyungu akatoa Kifaransa, meza na dirisha na mlango. Akatoa kugawanya hesabu kubwa. Akatoa mito ya Ubelgiji, mpaka Clément akauliza kama huko nako wanavua samaki. Kabange akatoa pindo la leso, namna ya kupiga pasi kola, na wimbo wa Bikira Maria.

“Na Kifaransa?” Numbi akauliza.

“Masera anasema kwetu haiko, mama. Anasema mwanamuke iko wa nyumba.”

Numbi akaigeuza ile leso. Pindo lilikuwa zuri, hakuna wa kubisha. Lakini mtoto mmoja alikuwa amepakuliwa sahani na mwingine amepewa kifuniko.

Asubuhi akamkuta mwalimu Floribert, Mluba kama yeye, mbele ya darasa la Kyungu.

“Mwalimu, uliniibia mutoto mumoja.”

“Mama Mapasa, mi siibake muntu. Programe ya masomo njo inasema vile.”

“Ile programe, nani aliizala? Iko na kichwa sawa ile yako, ya nyungu ya kupasuka?”

Floribert akacheka, angefanya nini, akatoa chaki mfukoni na kumpa.

“Chaki nabeba. Kifaransa je?”

“Ongea na mon père, mama. Mi niko na bibi na batoto.”

Padri mkuu alikuja mwenyewe, Mzungu mwenye Kiswahili cha vitabu. Numbi akamtukana miguu, akamtukana ndevu. Darasa zima likacheka. Padri akawa mwekundu, Floribert akamwelezea desturi kwa Kifaransa cha haraka.

“Msichana haingii hapa,” padri akasema.

“Basi na Kyungu anatoka. Bote babili, ao hakuna hata mumoja.”

Kyungu, wa kwanza wa darasa, akaweka kibao chake juu ya benchi, akatoka. Hakuitwa mara ya pili.

Nyumbani Clément alilalamika, nusura machozi yamtoke. “Utanipotezea mutoto. Huyu angekuwa karani.”

“Angekuwa karani pekee yake?”

Wiki ikapita, watoto wanachota maji. Numbi hakulala vizuri, tusidanganyane. Alijua akishindwa atakuwa amewafungia njia wote wawili kwa mkono wake. Lakini alipoamka alipita mbele ya masomo na beseni lake, polepole, aonekane.

Inspekta wa masomo alikuwa karibu kufika, na bila Kyungu hakuna mwingine wa kumjibu vizuri. Floribert akaja, kofia mkononi.

“Mon père anasema mutoto mwanamuke aikale nyuma. Asubui tu. Jina lake habataandika. Muchana anarudia kwa bamasera, kushona.”

“Jina nitakuya kuomba mwaka wa ine,” Numbi akasema. “Mwambie ajitayarishe.”

Siku iliyofuata Kabange akaketi benchi la nyuma. Mwalimu akaonyesha dirisha, darasa likajibu, na sauti ya Kabange ikasikika juu ya zote, kwa sababu mama alikuwa nje anasikiliza.

Mchana Numbi akazunguka ukuta, akabisha hodi kwa masista, Kyungu mbele yake, kichwa chini, sindano mkononi.

“Masera,” akasema, “huyu pia iko wa nyumba. Mumufundishe pindo.”

Sista akasema mvulana haingii pale.

Numbi akaketi mlangoni, akanyoosha miguu, akaanza na kofia ya sista.