Mtani wangu wa Mikumi alikuwa analala chini ya kitanda

Wakuu, habari za humu ndani.

Miaka mingi nimekuwa nasoma za wenzangu na kupita kimya. Leo naweka yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli, na pengo mdomoni ninalo kama ushahidi.

Wa kutukana najua mpo. Naomba mmalize kwanza kusoma, mtukane mkiwa na taarifa kamili.

Ilikuwa miaka ile mashirika yanauzwa, mitumba imejaa, na kila aliyemaliza form four anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nazungusha mitumba minadani: Kilosa, Rudewa, Mikumi. Kwetu ni Chanzuru, mimi ni Msagara, ila kutulia sehemu moja sijawahi kuweza.

Pale Mikumi, kwenye barabara ya Zambia, kulikuwa na fundi pancha Mnyamwezi. Nimwite Mihambo. Mrefu, mpole, tairi la lori analibingirisha kama pete.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu akawa ananiangalia miguu. Muda mrefu. Nikajua huyu mteja wa viatu, nikamtolea raba zote zilizokuwa kwenye gunia.

"Sitaki viatu," akasema.

"Sasa unaangalia nini?"

"Basi tu. Una miguu ya mtu mwema."

Wakuu, nimetongozwa mara chache maishani, na kwa miguu ni hiyo moja tu.

Kwa wasiojua, Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akabeba kuku wako, akakuita mke wake, na watu wanacheka tu.

Sisi tukajificha humo humo.

Nikipita kijiweni kwake anapaza sauti, "Mke wangu, jana ulilala wapi?" Namjibu, "Kwa mwanaume anayenawa mikono." Madereva wa malori wanashika mbavu. Jioni tunaingia chumba kimoja, wanaume wawili, na hakuna anayewaza lolote. Tulikuwa tunasema ukweli kwa sauti kubwa, mchana kweupe, na hakuna aliyeuamini.

Tatizo lilikuwa kitanda.

Nalala naye, naamka hayupo. Nikadhani ana mwingine. Nikanuna, nikaenda kumtafuta mpaka maegesho ya malori. Kumbe yuko chini ya kitanda, kajikunja na blanketi lake.

Asubuhi nyingine nikainama nikamshika mguu, nimvute atoke tunywe chai. Teke lililokuja liliondoka na jino langu la mbele.

Alilia kuliko mimi niliyepigwa. "Usinishike mguu nikiwa huku," ndiyo maelezo yote niliyopata. Nikimbana zaidi anapotea siku kadhaa, halafu anarudi na muwa begani kama mtu aliyetumwa dukani.

Na msibani haendi. Sasa mtani asiyekwenda msibani ni kituko, maana msibani ndiyo kazini kwake. Ndiko anakoigiza marehemu na kuchekesha wafiwa.

Binamu yangu Hemedi akaanza maneno. "Huyu ni mtani gani anayeonekana harusini tu? Huyu ni jambo lingine." Alisema hivyo mbele ya watu, na safari hiyo hawakucheka. Kwa neno kama hilo mnaweza kuchomewa chumba mkiwa ndani.

Ndipo akafariki baba mdogo, kule Chanzuru.

"Siku ya kuanua tanga lazima uje," nikamwambia Mihambo. "Usipokuja, Hemedi anatumaliza."

"Nakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wacheke."

Akaja. Na wakuu, jamaa alikuwa na kipaji. Alivaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kile kikohozi chake cha kuitia watu. "Hemedi, ile baiskeli yangu utarudisha lini? Au unanisubiri nifufuke?" Wajane walicheka huku wanajifuta machozi. Hemedi mwenyewe akacheka. Nikaona tumepona.

Vitu vya marehemu vilikuwa vimetolewa uani vigawanywe. Kulikuwa na kitanda cha mninga chenye miguu mirefu, kwa sababu baba mdogo alikuwa anaficha magunia yake ya mahindi uvunguni. Hakuamini ghala wala ndugu.

Wakaingia vijana waliotoka kukata kuni, mapanga mkononi, wanaongea kwa sauti.

Kikohozi kikakatika katikati. Mihambo akawatazama, halafu akajitupa chini ya kile kitanda, na koti lake la marehemu.

Uani pakalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Marehemu kaogopa kazi ya kupasua kuni!"

Mimi peke yangu sikucheka. Nikapiga magoti nikaingia huko huko, na kicheko kikaongezeka.

Alikuwa kauma mkono wa koti.

"Wameondoka?"

"Ni watoto wa shangazi. Wameleta kuni."

"Waangalie miguu."

Nikaangalia. "Ndala. Mmoja yuko peku."

Ndipo akaniambia, kwa kunong'ona, huku watu wanaimba nje. Alikuwa mdogo kwao Unyamwezi. Bibi yake aliyemlea alikuwa na macho mekundu ya moshi, watu wakasema mchawi. Wakaja na mapanga. Yeye alikuwa chini ya kitanda, akaona miguu tu. Mmoja alivaa katambuga ya tairi iliyoshonwa kwa waya.

"Alikuwa jirani," akasema. "Msibani alikuja na katambuga hizo hizo. Watani walipochekesha, alicheka."

Nikamshika mkono.

Nje wakaanza, "Bwana harusi, mtoe mkeo, pilau inapoa!" Mwingine akaleta jogoo awe mahari.

Halafu akainama Shangazi Zena, dada mkubwa wa marehemu, mwenye neno la mwisho kwetu. Akatuona. Akaiona mikono yetu. Alitazama muda ambao kwangu ulitosha kufunga mizigo na kuhama mkoa.

Akasimama. "Mtani kachagua fungu lake, kitanda. Kuna anayebisha?"

"Shangazi, huo ni mninga!" akasema Hemedi.

"Basi ingia ukamtoe."

Hakuingia.

Kitanda kilipanda juu ya basi kurudi Mikumi. Njiani kuna kijiji kinaitwa Ulaya, kwa hiyo kitanda changu kimefika Ulaya. Kabla hatujaondoka shangazi alinivuta pembeni, akaliangalia pengo langu.

"Usimvute," akasema. "Mwache atoke mwenyewe."

Miezi mingi Mihambo alilala chini na mimi juu, tunaongea kupitia mbao. Mchana mmoja wa mvua nikarudi kutoka mnadani, nikainama kumsalimia. Hayupo. Nikajua kapotea tena. Nikasimama, nikamkuta juu, amelala chali, anakoroma kama lori la Zambia.

Nililala chini siku hiyo, nisimwamshe.

Nilichojifunza ni hicho cha shangazi, Mungu amrehemu. Sina cha kuongeza.

Tumehama miji mingi tangu hapo na kitanda kinatufuata. Mguu wake mmoja sasa umeanza kucheza. Mwenye kumjua fundi mzuri wa mninga atuwekee hapo chini, ila awe haulizi maswali. Tuko wawili, na siku hizi wote tuna vitambi.