Baharia wa Umoja Aliyekataa Kushuka Melini

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa ofisi, wakili mzee asiyecheka ovyo, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia mtaa wa Umoja, Nairobi.

"Umewahi kuona meli, binti?"

"Kwenye televisheni, mzee."

"Basi jifunze haraka. Hapa tunashtaki meli, si mwenye meli."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo sheria ya bahari: mwenyewe anaweza kuwa ng'ambo, hata simu hashiki, lakini meli iko bandarini, basi mahakama huikamata. Hati hubandikwa juu yake, na haing'oi nanga mpaka kesi iamuliwe. Kazi yetu nyingine ilikuwa ufilisi, yaani kampuni ikianguka, nani alipwe mwanzo. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Kwenye ufilisi mara nyingi hula mabaki. Ninyi mawakili vijana mnasoma hayo darasani, sisi tulikaripiwa mpaka yakaingia.

Kesi iliyonifunza zaidi ililetwa na jirani yetu, Mama Wafula, muuza dagaa wa omena. Mwanawe wa pekee alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo iliyokamatwa Mombasa wenye meli walipofilisika. Hakuwa amelipwa, na alikataa katakata kushuka. Mama mwenyewe figo zilikuwa zimechoka.

"Mwanangu, meli yao siitaki," aliniambia. "Nataka nimwone Wafula, basi."

Nilipomweleza mkuu, aligonga meza.

"Mabaharia na kosa lao hilo! Wanadhani ukiiacha meli umeuacha mshahara. Deni la baharia huing'ang'ania meli kama kupe. Ikiuzwa, yeye hulipwa kabla ya benki iliyowakopesha wenye meli, awe ndani au awe kwao. Kaombe ruhusa ya mahakama ashuke."

Ruhusa nikapata. Nikapanda ngazi ya meli, nikamkuta Wafula jikoni akichemsha mchele mtupu.

"Niaje, wakili. Sasa nikishuka, si watasema nimehepa job?"

"Hawawezi. Korti imeshakuruhusu, na mshahara wako uko palepale."

"Na nirudi mtaani mikono mitupu? Wasee watanicheka."

Hapo sheria ikaniishia. Nikampigia mama yake, nikaweka simu katikati yetu.

"Wafula," alisema, "hiyo mikono mitupu ndiyo nataka kuishika."

Akazima jiko. Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Meli ilichelewa sana kuuzwa, maana benki ilipinga kila hatua. Mama Wafula alifariki kesi ikiendelea, mwanawe akiwa kando ya kitanda. Baadaye mabaharia wakalipwa mwanzo na benki ikachukua kilichobaki.

Sasa nimestaafu, ningali Umoja. Mawakili vijana huja kuniuliza kesi kubwa niliyoshinda, wakitarajia nitaje makampuni. Huwaambia waijue sheria barabara, ili wajue pia ni lini mteja hapaswi kuingoja. Wafula alipokuja kuchukua hundi yake, bahasha hakuifungua.

"Ningengojea hii kule, dada," aliniambia, "ningekuta kaburi."