Hasira ya Baba Katika Shamba la Pamba

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare, kwa mazishi ya mtu wa ukoo wetu. Kwa umri wangu hiyo si safari tena, ni adhabu. Katikati ya njia tairi likatoboka, na kijana mwenye pikipiki akaanza kutukana: kwanza tairi, kisha barabara, kisha serikali, mwisho mimi na mzigo wangu. Nikakaa juu ya mzigo huo huo nikamsikiliza. Sikuudhika. Alikuwa anafoka sawasawa na baba yangu, na nilikuwa sijasikia mtu akifoka vile kwa miaka mingi sana.

Wewe pia una watu kama hao nyumbani kwako, rafiki yangu. Shida ikigonga mlango, mmoja anapiga kelele, mwingine anashika ufagio, mwingine anatafuta njia ya nyuma. Nilipokuwa msichana mdogo nilidhani wanaopiga kelele ndio wabaya. Pamba ndiyo iliyonifundisha vingine.

Ngoja nikueleze pamba, maana vijana wa leo hawaijui. Wakati wa Wabelgiji kila mwanamume kijijini kwetu alipewa kipande cha shamba kando ya barabara, kipande kilichopimwa kwa kamba ya kapita, yule msimamizi aliyewekwa na wakubwa. Upende usipende, ulipanda pamba. Na pamba ilitakiwa ikae peke yake, bila mmea mwingine katikati. Aliyeshindwa alipelekwa boloko, gerezani, kule Kabambare. Jirani yetu alikuwa amepelekwa kwa sababu ya magugu tu, na alirudi na mgongo usiotaka shati.

Sasa, katika nyumba yetu alikuwamo koko, bibi yetu mzaa baba. Kwake yeye udongo ulioachwa wazi katikati ya mistari ulikuwa kama mtoto aliyeachwa uchi mbele ya wageni. Mama yake hakulima hivyo, na bibi yake hakulima hivyo. Tena msimu uliotangulia pamba ilikuwa imekula nguvu zetu zote, na sisi tukala mihogo mikavu bila kitoweo. Kwa hiyo koko alipanda karanga katikati ya pamba, taratibu, kila alipokwenda kupalilia. Baba aliziona akanyamaza. Naye alikuwa na tumbo.

Pamba ilipoanza kutoa maua, alasiri moja kapita alikuja mbio, akasimama uani akihema.

“Muzungu wa pamba iko Lusangi,” alisema. “Kesho asubuhi iko hapa. Mimi sikuona kitu, munasikia? Lakini yeye ataona.”

Kisha akaenda zake, na sisi tukabaki na neno lile.

Baba alilipuka. “Nilisema! Nilisema katika nyumba hii!” Hakuwa amesema chochote, lakini nani angemwambia? Sauti yake ilikuwa nene, na ilipopanda kuku walikimbilia chini ya ghala. Mama alichukua ufagio akafagia uwanja aliokuwa ameufagia asubuhi. Alifagia huku akizungumza bila kupumua, juu ya chumvi iliyokwisha, juu ya mbuzi wa jirani, juu ya kila kitu isipokuwa pamba. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa na nguvu kutuzidi sote, alikaa mlangoni, mikono imelala mapajani, na ukimwita hasikii. Baba mdogo alicheka.

“Kaka, usiogope. Boloko iko na bugali ya bure!”

“Wewe nyamaza!”

“Nimenyamaza. Naenda kutazama mitego.”

Akachukua panga akaingia porini. Mitego gani? Hatukuwa na hata mmoja.

Koko alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha. Mchi ulikwenda na mwendo ule ule mpaka majani yakalainika, kisha akanawa mikono, akachukua kikapu.

“Karanga inang’olewa na mukono,” alimwambia baba. “Jembe haina macho.”

“Mama, leo hakuna wakati wa mukono!”

Na baba akatangulia shambani na jembe. Nilimfuata koko. Sisi tuliinama na kung’oa shina moja moja, na udongo ulinukia vizuri, udongo wa karanga changa, harufu ambayo hata leo hunitia njaa. Baba alikuwa mbele, akilima huku akifoka, akiwatukana Wazungu, akimtukana kapita, akizitukana karanga. Jembe lilipanda na kushuka. Alipofika mwisho wa mstari aligeuka, akaona nyuma yake, na sauti ikamkatika. Karanga zilikuwa zimelala chini. Pamba nayo ilikuwa imelala chini, mashina yamekatwa, maua yake ya manjano usoni pa udongo.

Kukosa miche ya pamba lilikuwa kosa kubwa kuliko karanga.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama baba mdogo aliporudi, mikono mitupu. Alilitazama shamba, akamtazama kaka yake aliyekaa chini, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Alipiga magoti, akachukua shina moja lililokatwa, akalichomeka ardhini, akalishindilia udongo.

“Isimame kama askari,” alisema. “Muzungu anapita na macho, hapiti na mukono.”

Basi tukasimamisha pamba. Mama alileta maji kutoka mtoni, akizungumza njia nzima. Dada yangu bado alikuwa mlangoni. Koko hakumkemea. Alimwendea, akamwekea shina moja mkononi, akamwambia, “Nishikie hii tu.” Dada akalitazama, akainuka, na baada ya hapo alifanya kazi kuliko sote. Mpaka leo, nikimwona mtu ameganda kwa hofu, simpigii kelele. Nampa kitu kidogo cha kushika. Jaribu nawe, utaona.

Tulichemsha karanga zile changa kwa chumvi. Punje zilikuwa na maji kama maziwa, tamu ajabu, na hakuna aliyezisifu.

Asubuhi umande ulikuwa mwingi na mashina yote yalikuwa wima. Shamba lilipendeza. Kama Mzungu angekuja na umande, tungepona. Lakini hakuja. Jua likapanda. Tulisimama kando ya barabara na kuyaangalia majani yakilegea, kwanza ncha, kisha jani zima, kisha shingo ya shina.

“Inasalimia mukubwa,” baba mdogo alinong’ona. Mama akacheka, kisha akalia.

Walipofika, Mzungu alibaki barabarani. Aliyeingia shambani ni moniteri wake, Mwafrika mwenzetu wa kaptula ya kaki, aliyefundishwa mambo ya pamba. Alishika shina moja lililoinama. Likatoka mkononi mwake bila mzizi. Akaliinua juu.

“Nani?” Mzungu aliuliza.

Koko alifungua mdomo. Baba akamtangulia.

“Ni mimi, bwana. Jembe ni yangu.”

Alisema polepole, kama mtu anayetaja jina lake. Wakamchukua siku ile ile kwa miguu, kapita nyuma yake akitazama chini.

Baba alirudi pamba iliyosalia ilipokuwa imepasuka na kuwa nyeupe. Alikuwa amekonda. Koko alikuwa amelipalilia shamba lote mpaka udongo ukabaki uchi kabisa, na hakupanda tena hata mbegu moja katikati.

Siku chache baadaye mbuzi aliingia jikoni akala unga wetu wote. Tulisimama tukingoja. Kuku nao, naapa, walingoja. Baba aliinuka, akamfunga mbuzi, akarudi kukaa. Baba mdogo akamwambia, “Kaka, hata kidogo?” Baba akatabasamu, akaitazama mikono yake.

Hakufoka tena mpaka alipokufa. Mama naye alipunguza maneno, maana alikuwa amezoea kuzungumza ili kuifunika kelele ile.

Leo pamba haiko, kapita hayuko, na kipande chetu cha barabarani ni pori tupu. Hayo nimeyazoea. Lakini ile sauti iliyokuwa ikituita kutoka mtoni kwa hasira mpaka ndege wakaruka, tuliichoka, tuliiombea inyamaze. Iliondoka na baba kwenda Kabambare, na baba akarudi peke yake.