Vidole vya Baba Mkwe

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa: wanatakiwa watu wa kazi ya siku moja kwenye vituo vya kupigia kura, na wasio na ajira watatangulizwa. Mapumziko alilisoma mara mbili, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na sifa zote. Jina hilo alibandikwa na majirani, maana kila akiulizwa anafanya kazi wapi, jibu ni lile lile: "Nipo mapumziko kidogo."

Mkewe mapumziko hayo yalimchosha, akarudi kwao. Na baba mtu, fundi wa kung'arisha samani, mzee asiyejua kucheka, akasema waziwazi mbele ya watu: "Mke utampata siku nitakayokuona kazini kwa macho yangu."

Basi siku ya uchaguzi Mapumziko huyo, kakaa mlangoni pa darasa, shati limenyooka, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kazi yake kukagua vidole: mwenye alama ya wino keshapiga kura, haingii tena. Watu wakaja, akawakagua, raha mustarehe. Mara anainua kichwa, lo! Anayefuata ni baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipishe."

"Naomba nione vidole, baba."

Mzee akatoa mikono. Salaala! Vidole vyote vimekolea rangi ya mbao, vyeusi hadi kwenye kucha.

"Huyo keshapiga mara kumi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Jasho likamtoka Mapumziko. Akimpitisha, anafukuzwa kazi hapo hapo, mzee anatazama. Akimrudisha, mke ndiyo basi tena. Akamkimbilia msimamizi wa kituo, mama asiye na maneno mengi, naye akamtolea pamba na chupa ya spiriti kutoka sanduku la huduma ya kwanza.

"Rangi ya mbao itatoka. Wino wetu hautoki. Msugue."

"Nani asuguliwe?" mzee akafoka. "Mimi sufuria?"

"Ndiyo kazi yenyewe, baba. Lete mkono."

Akamsugua kidole kimoja kimoja, kwa heshima zote na bila huruma hata kidogo, mzee katoa macho. Vilipotakata, akampisha. Mzee akapiga kura yake, akatoka bila kuaga. Mapumziko akajua kalikoroga.

Jioni, foleni imebaki ya watu wachache, akamwona mkewe anakuja mbio, begi begani, kanga inamvuka.

"Baba kasema kakuona," akasema akihema. "Kasema kazi unayo, tena huna mchezo nayo. Nirudi kwangu."

"Sasa mbona unakimbia hivyo?"

"Nimewahi kutoka, kabla hajauliza kesho unaingia saa ngapi."